Pale Kinga ya Mwili Inapoigeukia Tezi ya Shingo

Karatasi ya majibu ya vipimo vya tezi ya shingo huwa na mistari michache. Juu kuna TSH, inafuata FT4, na chini, kama daktari aliomba, kuna mstari wa anti-TPO wenye namba iliyopita kiwango na mshale unaoelekea juu. Wengi huisoma wakiwa bado kwenye benchi la kusubiri, wanaiuliza simu, na simu inawajibu kwamba mwili wao unajishambulia. Kuanzia hapo mtu anaweza kukosa usingizi wiki nzima kabla hajaonana na daktari.

Jibu hilo lina ukweli, ila ni ukweli uliokatwa katikati. Seli za kinga zinazoweza kuitambua tezi ya shingo zimo hata ndani ya watu wenye afya tele. Kingamwili zenyewe, zile ambazo anti-TPO huzipima, si adimu: uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika Marekani kati ya 1988 na 1994 ulizikuta kingamwili za TPO kwa zaidi ya mtu 1 kati ya 10, ilhali waliokuwa na upungufu wa homoni ya tezi hawakufika 5 kati ya 100, na wengi wa hao upungufu wao ulikuwa mdogo kiasi cha kutojulikana bila kipimo. Kwa hiyo mwili kuitambua tezi yake ni jambo la kawaida. Cha kuulizwa ni kitu gani kinauzuia usiidhuru, na kwa nini kizuizi hicho hulegea kwa baadhi yetu. Mwenye kulielewa hilo huomba kipimo kinachomfaa, hamezi dawa asiyoihitaji, na hampi fedha zake mtu anayemuuzia chupa ya "kupandisha kinga" kwa ugonjwa ambao haukutokana na kinga kushuka.

Protini tatu zinazogombewa

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi. Inachukua madini joto kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni inayopanga kasi ya karibu kila kiungo: mapigo ya moyo, joto la mwili, mwendo wa utumbo, mzunguko wa hedhi, ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Kazi hiyo inahitaji protini ambazo hazitengenezwi kwa wingi huo popote pengine mwilini. Ya kwanza ni thairoglobulini, protini kubwa sana inayohifadhiwa ndani ya vifuko vidogo vya tezi. Homoni hujengwa juu yake na kukaa hapo kama akiba, na akiba hiyo inaweza kumtosha mtu miezi 2 hadi 3. Ya pili ni TPO, kimeng'enya kinachobandika madini joto juu ya thairoglobulini. Ya tatu ni kipokezi cha TSH, kilicho juu ya ngozi ya kila seli ya tezi, ambacho hupokea TSH, yaani amri kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Pituitari ikiona homoni imepungua kwenye damu, inapandisha TSH. Ikiona imezidi, inaishusha. Ndiyo maana TSH ya juu maana yake ni tezi iliyochoka, na TSH ya chini kabisa mara nyingi ni tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Watu wengi huisoma namba hii kinyume.

Magonjwa karibu yote ya kinga kuishambulia thairoidi yanahusu moja au mbili kati ya protini hizi tatu.

Uvumilivu hufundishwa, kisha hulindwa

Seli T, ambazo ndizo waamuzi wakuu wa kinga, huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa lakini hukomaa kwenye tezi nyingine kabisa, thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo. Kila seli T hupewa kipokezi chake kwa kupanga upya vipande vya jeni bila mpangilio maalumu. Faida ya kubahatisha huko ni kwamba mwili hupata seli za kutambua karibu kila kimelea, hata ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Hasara ni kwamba nyingine huzaliwa zikiwa na uwezo wa kutambua protini za mwili wenyewe.

Hapo ndipo thaimasi inapofanya jambo la ajabu. Ndani yake kuna seli zinazotengeneza, kwa kiasi kidogo sana, protini za viungo vilivyo mbali: insulini ya kongosho, protini za jicho, na thairoglobulini pia. Jeni iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997, ndiyo inayoruhusu nyingi ya protini hizo kuonekana pale. Seli T changa inayozishika kwa nguvu huuawa papo hapo au hugeuzwa kuwa seli ya kutuliza wenzake. Sehemu kubwa sana ya seli T changa hazitoki thaimasi zikiwa hai. Watoto wanaozaliwa na hitilafu katika AIRE hushambuliwa viungo vingi kwa pamoja.

Mchujo huu haukamiliki. Kiasi cha protini ya tezi kinachoonyeshwa ndani ya thaimasi hutofautiana kati ya mtu na mtu, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Imeonekana kwamba watu wenye aina fulani ya jeni ya kipokezi cha TSH, ile inayoambatana na ugonjwa wa Graves, ambao huifanya tezi itoe homoni kupita kiasi, huonyesha kipokezi hicho kwa uchache ndani ya thaimasi zao. Seli T zinazopaswa kukitambua na kufa hazikutani nacho vya kutosha, zinapita na kuingia mwilini.

Basi zikishapita? Hapa pana ulinzi wa pili, na kwa maoni yangu ndio unaostahili kujulikana zaidi na wagonjwa, kwa sababu unaeleza kwa nini watu wengi wenye seli hizo hawaugui kamwe. Thairoglobulini kidogo huvuja na kuingia kwenye damu ya kila mtu kila siku. Seli T inayokutana nayo katika hali ya utulivu, pasipo ishara ya pili ya hatari kutoka kwa seli nyingine za kinga, haichochewi; hunyamaza. Na juu ya kunyamaza huko wapo wasimamizi, seli T dhibiti, ambao kazi yao ni kuwazuia wengine.

Wasimamizi hawa walichukua muda mrefu kukubalika katika sayansi. Mwaka 1969, watafiti wa Japani Yasuaki Nishizuka na Teruyo Sakakura waliwaondolea panya thaimasi siku 3 tu baada ya kuzaliwa. Ilitarajiwa kinga yao idhoofike. Badala yake, ovari za panya jike ziliharibiwa na kinga yao wenyewe, na majaribio yaliyofuata yalionyesha hata tezi za thairoidi hazikusalimika. Mwenzao wa Japani, Shimon Sakaguchi, aliliandama fumbo hilo kwa miaka mingi: kama kupunguza seli kunaleta mashambulizi, basi miongoni mwa zilizoondolewa kulikuwa na zilizokuwa zikizuia. Mwaka 1995 alionyesha kundi lenyewe, seli T zenye alama ya CD25. Alipowapa panya wasio na seli T seli za kawaida zilizotolewa kundi hilo, wakapata mashambulizi ya thairoidi, tumbo na viungo vingine. Alipolirudisha kundi, mashambulizi yakazuilika. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, nchini Marekani, wakaitambua jeni ya FOXP3, ambayo baadaye ilidhihirika kuwa ndiyo inayozifanya seli hizo ziwe wasimamizi. Sakaguchi na wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba ya mwaka 2025. Mtoto wa kiume anayezaliwa na FOXP3 mbovu huugua kisukari, kuharisha, ukurutu, na mara nyingi uvimbe wa thairoidi, katika miezi ya mwanzo ya uhai wake.

Tezi yako ya shingo, kwa hiyo, haiko salama kwa sababu haionekani na kinga. Iko salama kwa sababu kila siku kuna seli zinazoshughulika kuilinda.

Sungura wa Buffalo

Kwa nusu karne madaktari waliamini kuwa kinga haiwezi kuushambulia mwili wake yenyewe. Paul Ehrlich wa Ujerumani aliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine, wakatengeneza kingamwili dhidi yake. Alipowadunga damu yao wenyewe hawakutengeneza. Mwaka 1901 akahitimisha kwamba mwili una namna ya kuepuka kujidhuru, na hitimisho hilo likageuka kuwa karibu amri.

Katika miaka ya 1950, huko Buffalo, jimbo la New York, Noel Rose alikuwa kijana akisafisha thairoglobulini kwenye maabara ya Ernest Witebsky, mtu aliyelelewa katika mafundisho ya Ehrlich. Rose alimdunga sungura protini iliyotoka kwa sungura, pamoja na kichocheo cha kuamsha kinga. Kingamwili zikatokea. Ili kumaliza ubishi, alimfanyia sungura upasuaji, akamtoa upande mmoja wa tezi, akausaga, akamdunga sungura huyo huyo rojo la tezi yake mwenyewe. Kingamwili zikatokea tena, na upande wa tezi uliobaki shingoni ukajaa seli za kinga na kuharibika. Witebsky hakuamini kwa haraka. Alitaka majaribio yarudiwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956.

Mwaka huo huo London, Deborah Doniach, Ivan Roitt na wenzao walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa wa Hashimoto, ugonjwa ambao kinga huiharibu tezi polepole, wakayachanganya na rojo la tezi ya binadamu, wakaona mashapo yakijitenga: damu ya wagonjwa ilikuwa imebeba kingamwili za thairoglobulini. Na huko Dunedin, New Zealand, Duncan Adams na Herbert Purves wakagundua katika damu ya wagonjwa wa Graves kitu kilichochochea tezi kwa muda mrefu kuliko TSH ya kawaida. Baadaye kitu hicho nacho kilijulikana kuwa kingamwili. Ni mwaka mmoja uliofungua mlango wa kuelewa magonjwa mengi ya aina hii, na ulianzia kwenye thairoidi.

Shambulio linaloua na shambulio linalochochea

Hakaru Hashimoto alieleza mwaka 1912, kwa Kijerumani, tezi zilizotolewa kwa wanawake 4 huko Kyushu, Japani. Chini ya hadubini hakuona kansa wala usaha. Aliona tezi iliyojaa seli nyeupe za damu, zimejikusanya makundi makundi kama zinavyokaa ndani ya mitoki. Ndivyo ugonjwa unaobeba jina lake unavyofanya kazi: seli T huingia ndani ya tezi na kuziua seli zake moja moja, seli B huhamia humo na kutengeneza kingamwili dhidi ya TPO na thairoglobulini. Kingamwili hizo ni dalili ya kinachoendelea zaidi kuliko kuwa muuaji mkuu. Uharibifu huenda polepole, miaka hata makumi ya miaka, na tezi ikishindwa kufidia, homoni hushuka. Mtu huchoka bila sababu, husikia baridi wenzake wanapotokwa jasho, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, hedhi huwa nzito, sauti hukwaruza, kumbukumbu hupungua.

Graves ni jambo jingine kabisa, na katika magonjwa ya kinga ni nadra kukuta mfano wake. Hapa kingamwili hukishika kipokezi cha TSH, lakini badala ya kukiharibu, hukiwasha. Pituitari imeshusha TSH yake mpaka chini kabisa kuomba tezi ipumzike, na haisikilizwi, kwa kuwa kingamwili imeganda pale pale kwenye kipokezi kama dereva wa daladala aliyeegemea honi. Homoni humwagika. Moyo huenda mbio hata mtu akiwa amelala, mikono hutetemeka, joto halivumiliki, mwili hukonda ingawa mtu anakula vizuri. Kwa kuwa kipokezi hicho hicho kipo pia kwenye tishu zilizo nyuma ya macho, baadhi ya wagonjwa huvimba huko na macho yao husukumwa mbele. Uvutaji wa sigara huongeza hatari ya tatizo la macho na kulizidisha, na kwa mgonjwa wa Graves anayevuta, kuacha ni sehemu ya matibabu.

Kwetu, mtu anayekonda hupelekwa haraka kupimwa VVU na kifua kikuu, na ni sahihi kufanya hivyo. Majibu yakiwa hasi huku moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka, TSH ipimwe kabla familia haijaanza kutafuta aliyemroga.

Si kila rovu, yaani tezi iliyovimba shingoni, ni la kinga. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, rovu lilienea kwa sababu ya uhaba wa madini joto, ukizidishwa na mihogo isiyoandaliwa vizuri. Uvimbe wa aina hiyo hutibiwa na kuzuiwa kwa njia nyingine, na ndiyo sababu kushika shingo tu hakutoshi kujua ugonjwa.

Kinacholegeza vizuizi

Kurithi kuna nafasi kubwa, lakini hakuamui peke yake. Utafiti wa pacha nchini Denmark ulikuta kwamba pacha wa kufanana mmoja akiwa na Graves, mwenzake aliupata pia takriban mara 1 tu kati ya 3, ingawa jeni zao ni zile zile. Wanawake huugua mara nyingi zaidi kuliko wanaume, mara 5 hata 10.

Ujauzito unaonyesha wazi jinsi vizuizi vinavyofanya kazi. Mama anapobeba mimba, kinga yake hutulia ili imvumilie mtoto ambaye nusu ya jeni zake ni za baba. Kingamwili za tezi hushuka, na wagonjwa wengi wa Graves hupata nafuu miezi ya mwisho. Baada ya kujifungua utulivu huo huondoka, na katika mwaka wa kwanza tezi inaweza kuvimba ghafla. Kati ya wanawake wenye kingamwili za TPO mwanzoni mwa ujauzito, theluthi moja hadi nusu hupatwa na hali hii. Mara nyingi huanza kwa homoni kuzidi, kwa sababu akiba inavuja kutoka kwenye tezi iliyojeruhiwa, kisha hufuata miezi ya upungufu, na wengi hupona. Mama aliyejifungua miezi minne iliyopita, anayelia bila sababu, nywele zinamtoka, hana nguvu ya kumbeba mwanawe, huambiwa na shangazi zake kwamba ndio uzazi. Huenda ni hivyo. Kipimo cha TSH ndicho kitakachojua. Na ikiwa yuko kwenye kipindi cha homoni kuvuja, dawa za kuzuia tezi isitengeneze homoni hazimsaidii, kwa sababu tezi haitengenezi kupita kiasi. Daktari humpa dawa ya kutuliza moyo tu, na kusubiri.

Madini joto yana pande mbili. Yakikosekana, rovu na watoto wenye ubongo uliodumaa. Yakizidi, thairoglobulini hubandikwa madini mengi kupita kawaida na kuwa rahisi zaidi kushikwa na seli za kinga. Denmark ilipoanza kuweka madini joto kwenye chumvi kati ya 1998 na 2000, kwa kiasi cha tahadhari, visa vya upungufu wa homoni vilionekana kuongezeka kwa kiasi. Mapema kidogo, katika miaka ya 1990, huko Kivu, kuingia kwa chumvi yenye madini joto kulileta visa vya homoni kuzidi, hasa kwa watu waliokuwa na rovu la siku nyingi. Hata hivyo si busara kwa nchi kurudi nyuma. Faida kwa watoto ni kubwa mno. Mwenye Hashimoto aendelee kutumia chumvi ya kawaida ya dukani. Anachopaswa kuacha ni vidonge na unga wa mwani wa kahawia wa bahari za baridi, unaouzwa kama tiba ya tezi, ambao unaweza kuwa na madini joto mara nyingi zaidi ya mikrogramu 150 anazohitaji mtu mzima kwa siku.

Dawa nazo zinaweza kulegeza vizuizi. Dawa mpya za saratani hufanya kazi kwa kuondoa kizuizi kwenye seli T ili zishambulie uvimbe, na thairoidi ni miongoni mwa viungo vinavyojeruhiwa mara kwa mara njiani. Mgonjwa anayepewa dawa hizo hupimwa TSH katika matibabu yote. Kwa baadhi ya watu wanaoishi na VVU, Graves hujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya kuanza ARV, wakati CD4 zinapanda na seli T mpya zinajaa mwilini kabla usimamizi haujatengemaa. Si sababu ya kuacha ARV hata kidogo. Ni sababu ya mtoa huduma kuikumbuka tezi pale mtu aliyekuwa akinenepa vizuri anapoanza kukonda upya ilhali virusi vimefubazwa.

Kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kidonge

Anza na TSH. Ikiwa si ya kawaida, FT4, yaani homoni ya tezi yenyewe kwenye damu, inafuata. Anti-TPO husaidia kujua chanzo pale TSH ilipopanda, na haina haja ya kurudiwa kila miezi mitatu. Namba yake kupanda au kushuka haibadilishi dozi. Kingamwili za kipokezi cha TSH, zinazoandikwa TRAb, ni za kutambua Graves. Ukiwa unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambie daktari na uviache siku kadhaa kabla ya kutoa damu, maana vinaweza kupotosha majibu katika mashine nyingi na kumfanya mzima aonekane mgonjwa wa Graves.

Mwenye anti-TPO ya juu na TSH ya kawaida hana ugonjwa wa kutibiwa leo. Watu wa Whickham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, walifuatiliwa kwa miaka 20. Wanawake waliokuwa na kingamwili peke yake walipata upungufu wa homoni kwa kiwango cha takriban 2 kati ya 100 kila mwaka. Waliokuwa na kingamwili pamoja na TSH iliyopanda, takriban 4 kati ya 100. Kupima TSH mara moja kwa mwaka kunatosha, na mapema zaidi ukipanga kupata mtoto au ukiona dalili.

Hakuna dawa ya kawaida ya hospitali leo inayorudisha uvumilivu uliopotea. Tiba hurekebisha homoni, na kwa Hashimoto inafanya hivyo vizuri sana. Levothairoksini ni homoni ile ile ambayo tezi ingetengeneza. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, kahawa au uji wa maziwa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, ambavyo wajawazito hupewa kliniki, visimezwe pamoja nayo. Viachane kwa muda wa saa 4. Wakati wa Ramadhani, wengi hushauriwa kuimeza usiku wakati wa kulala, baada ya kupita saa 3 hivi tangu kula. Isiwekwe dirishani wala ndani ya gari, kwa kuwa joto na unyevu huiharibu. TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla, kwani homoni huchukua muda kutulia kwenye damu. Mwanamke anayeitumia akijua ni mjamzito asisubiri kliniki ya mwezi ujao: mahitaji yake hupanda mapema, na mtoto katika miezi ya mwanzo hutegemea homoni ya mama.

Kwa Graves, kabimazoli hutumiwa kwa miezi 12 hadi 18, na karibu nusu ya wagonjwa hutulia baada yake. Wengine huhitaji madini joto yenye mionzi au upasuaji. Jambo moja kuhusu kabimazoli lazima kila anayeitumia alijue kwa moyo: homa au koo kuuma ghafla ni sababu ya kuacha kidonge siku hiyo hiyo na kwenda kupimwa wingi wa seli nyeupe za damu. Ni nadra, lakini dawa hii inaweza kuzimaliza seli hizo, na kumeza antibiotiki za dukani nyumbani ukisubiri ipite kunaweza kukuua.

Chupa za kupandisha kinga hazina nafasi hapa. Kinga ya mgonjwa huyu haijashuka. Usimamizi wake ndio uliolegea, na hakuna mzizi wala unga ulioonyeshwa kuukaza. Wala hakuna haja ya kujinyima vyakula: kabichi iliyopikwa inalika. Ngano inalika pia, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa siliaki.

Limebaki la akina mama waliowahi kuugua Graves wakatibiwa kwa mionzi au wakatolewa tezi, na sasa wanameza levothairoksini na kujiona wamemalizana na ugonjwa. Seli zinazotengeneza kingamwili za kipokezi cha TSH hazikukaa kwenye tezi peke yake. Nyingine zimo kwenye uboho na mitoki, na zinaweza kuendelea kwa miaka baada ya tezi kuondoka. Mama hana tena tezi ya kuchochewa, lakini mtoto tumboni anayo, na kingamwili hizi hupita kwenye kondo la nyuma. Mapigo ya moyo wa mtoto yanaweza kwenda mbio, ukuaji wake ukadumaa, au akazaliwa akiwa na homoni nyingi inayohitaji tiba ya haraka katika siku zake za kwanza. Kwa hiyo kwenye mahudhurio ya kwanza kabisa ya kliniki ya wajawazito, mwambie mkunga kwamba uliwahi kuwa na Graves, hata kama ni miaka 10 iliyopita, hata kama kovu la shingoni halionekani tena. Omba TRAb ipimwe mapema, na kama iko juu irudiwe kati ya wiki ya 18 na ya 22, ili mtoto afuatiliwe kwa ultrasaundi na wodi ya watoto wachanga ijue anakuja.